Fundi na Wimbo wa Saba

Kwa miaka yote niliyomjua Fundi, sikupata kumsikia akisema kwamba kitu ni kizuri. Sifa yake ya juu kabisa ilikuwa neno moja, "kinasikilizika," na hilo lenyewe nililisikia mara chache. Ukimpelekea redio mbovu aliiwasha, akaisogeza kwenye sikio lake la kushoto, akafumba macho. Wewe ulibaki nje ya dirisha la duka lake, hapo Chake Chake, kwenye kichochoro kinachoteremka sokoni, ukingoja kama mgonjwa anayemtazama daktari akifungua bahasha ya majibu. Wapo waliomtolea salamu mara ya pili wakidhani kasinzia.

"Nimekusikia ya kwanza," aliwajibu, macho bado kayafumba. "Niliyekuwa simsikii ni huyu."

Kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe. Mimi nilikuwa mtangazaji wa redio ya jamii hapo hapo mjini, na kwa kuwa mitambo yetu ilikuwa imechoka, hazikupita wiki mbili bila ya mimi kusimama kwenye lile dirisha. Nilimwogopa. Hakuwa mtu wa kunyanyua sauti wala wa maneno makali. Lakini alikuwa na tabia ya kukuuliza swali moja kisha akanyamaza, na kimya chake kilikuwa kirefu kuliko uwongo wowote niliowahi kuubuni.

Siku moja aliniuliza kwa nini ninacheka hewani.

"Hakuna aliyesema la kuchekesha," alisema. "Unacheka ili wasije wakaona unachosha."

Nilirudi nyumbani nimekasirika hata chakula hakikunipita. Kuanzia wiki iliyofuata nikaacha kucheka ovyo, na sikumwambia kwamba nimeacha. Yeye naye hakusema kwamba ameona.

Kelele alizichukia. Pikipiki ikipita kichochoroni ikinguruma aliweka bisibisi chini na kungoja iishe, kama mtu anayengoja mvua. Ndiye aliyekuwa akitengeneza maspika ya misikiti mingi ya mjini na vijijini, na maimamu walikuwa wakigombana naye, maana kila akitengeneza alipunguza sauti. "Adhana ni mwito, si kipigo," aliwaambia. Imamu mmoja alimtuma mtu kuja kumwambia arudishe sauti ilivyokuwa. Fundi alimuuliza yule mjumbe, "Bi kizee wa nyumba ya mwisho kule bondeni anasema anasikia makelele au anasikia maneno?" Mjumbe hakujua. "Kamuulize, kisha rudi." Hakurudi. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa safu ya mbele, sala zote tano, na kanzu yake ya Ijumaa haikuwa na hata alama moja ya risasi ya kulehemu.

Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa akisikiliza muziki wa metali, ule wa magitaa yanayonguruma.

Niligundua kwa bahati mbaya. Nilifika dukani wakati kavaa spika za masikioni, na kupitia zile spika nikasikia kitu kama bati linaloburutwa na mtu anayenguruma ndani yake. Nilimgusa bega.

"Fundi, kuna mtu anauliwa humo?"

"Anaimba," alisema. Alizivua, akazikunja taratibu, akanitazama aone kama nitacheka. Sikucheka. "Nimefanya kazi melini miaka kumi na mbili, chumba cha injini. Kule chini husikii mtu, husikii hata roho yako. Tukipanda juu wenzangu wanasikiliza nyimbo za mapenzi, na mie naziona kama zinanidanganya. Baharia mmoja akanipa kanda. Nikasikia injini, na ndani ya injini nikasikia mtu. Nikasema, haya, huyu naye alikuwa huko."

Hakumwambia mtu mwingine. Alijua wangesemaje msikitini, naye hakuwa na haja ya kubishana na watu juu ya jambo lililomo masikioni mwake. Mimi nilikuwa wa pili kujua. Wa kwanza alikuwa mdogo wangu, Faki.

Faki alikuwa na miaka ishirini na mbili, skuli kaimaliza zamani, alipompelekea Fundi gitaa la umeme alilolinunua Unguja, waya wake umekatika ndani. Gitaa lilipopona yeye hakuondoka. Fundi hakujua kupiga hata uzi mmoja, kwa hiyo hakumfundisha kupiga. Alimkalisha wakasikiliza. Albamu ilisikilizwa kutoka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa mpango ulivyo, bila kuinuka na bila chai. "Barua haisomwi kuanzia katikati," alisema. Kisha Faki alipiga, na Fundi alikuwa na neno moja tu la kumkosoa: "Hapo ulikuwamo." Au, mara nyingi zaidi: "Hapo hukuwamo." Faki aliniambia kwamba ile "hukuwamo" ilimuuma kuliko kofi, kwa sababu kila mara ilikuwa kweli.

Baadaye Faki alikwenda Dar es Salaam, akakutana na wenziwe watatu, wakaunda bendi. Walitoa albamu yao ya kwanza, nyimbo nane, na yaliyofuata hatukuyategemea. Wahakiki wa ng'ambo waliipokea kwa shangwe. Jarida moja la mtandaoni liliipa alama zote. Wengine waliandika kwamba ni albamu ya mwaka, kwamba haijapata kutokea. Watu wa Pemba ambao hawakuwahi kusikia gitaa la metali hata dakika moja wakawa wanatumiana zile sifa kwenye simu. Kwetu kijijini, Ole, sheha alimsimamisha mama njiani akampa hongera, na mama alirudi nyumbani akitabasamu, asijue hasa hongera za nini.

Waliousifu zaidi ulikuwa wimbo wa saba. Unaanza na sauti ya mwanamke, peke yake, chini chini, kisha magitaa yanamwangukia kama ukuta. Waliandika kwamba ni sauti ya mzimu wa kisiwa, sauti ya kale isiyo na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwapo. Nilimjua kabla mstari wa kwanza haujaisha. Alikuwa mama yetu, akichambua karafuu.

Mama hakuwa akiimba mbele za watu. Harusini waliomwomba aliwakatalia kwa upole. Alisema sauti yake ni sitara yake. Ataimba akiwa na wanawake wenziwe jamvini, au akiwa peke yake na makonyo yake ya karafuu, basi. Msimu wa karafuu uliopita Faki alikuja nyumbani, akamkuta uani, akaiacha simu karibu na jamvi. Mama hakujua maana ya simu iliyolala kifudifudi.

Nilimpigia Faki siku ile ile.

"Mama anajua?"

"Ntamwambia."

"Lini?"

"Nikija."

Nikanyamaza. Nataka nilikiri hili kama lilivyo: sikunyamaza kwa kumlinda mama. Nilinyamaza kwa sababu na mimi nilikuwa nimezionja zile sifa, na zilikuwa tamu.

Faki alipoarifu kwamba anakuja, meneja wetu alitaka kipindi maalumu, Jumamosi saa nne asubuhi, moja kwa moja hewani. Alitaka na mtu wa kuizungumza albamu, mtu anayeujua muziki huo. Mimi peke yangu nilijua kwamba mtu huyo yuko umbali wa dakika tano. Nilikwenda kwa Fundi nikampa albamu, nikamwomba aje kuizungumza. Alikaa nayo siku tatu. Ya nne akanipigia, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Nilimkuta kakaa bila kazi mkononi.

"Umesikiliza, Fundi?"

"Mara tatu."

"Inastahili sifa inazopewa?"

"Sita zinasikilizika." Hakuwahi kutoa sifa nyingi hivyo kwa mpigo mmoja. "Wa nne ni zaidi ya hivyo. Wa nne Faki yumo, kila pigo yumo. Nimekaa nao huo kama ninavyokaa na mtu. Lakini katika yote uliyonisomea ya hao wahakiki, hakuna aliyeutaja. Wanausifu wa saba, na wa saba ndio dhaifu."

"Dhaifu vipi? Watu wanalia wakiusikia."

"Wanamlilia yule mwanamke. Lizime gitaa, watalia vilevile. Kisha mzime mwanamke, sikiliza kilichobaki. Hakikubaki kitu, Mize. Kamweka mama yake mbele, yeye kajificha nyuma."

Sikuwa nimemwambia. Nilishika ukingo wa dirisha.

"Umemjuaje?"

"Analeta redio yake hapa tangu baba yenu yuhai. Huvuta pumzi kabla ya neno la mwisho. Mtu akinisemesha, pumzi yake naijua kabla ya jina lake." Kisha akauliza swali lake, moja tu. "Hakuulizwa, siyo?"

Nilijaribu kukishinda kile kimya. Sikuweza. "Hakuulizwa."

"Basi na mie nishamsikiliza mwanamke wa watu mara tatu bila idhini yake."

Nilimsihi. Nilimwambia mama atakuwa redioni Jumamosi, Ole yote itakuwa redioni, asiseme. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"La nyumbani kwenu sitolisema," alijibu. "Nikiulizwa habari ya wimbo, ntasema nilichokisikia."

"Na ukiulizwa kwa nini?"

Alinyanyua bisibisi akaanza kazi yake.

Faki alifika Alhamisi, akalala Ole siku mbili. Jumamosi asubuhi nilimshika mkono mlangoni pa studio.

"Umemwambia?"

"Baada ya kipindi," alisema, bila kunitazama.

Studio yetu ni chumba kidogo chenye meza moja. Nilikaa katikati, Faki kuliani kwangu, Fundi kushotoni, kavaa kanzu ya Ijumaa na kofia. Nyuma ya kioo alisimama meneja, na kwenye orodha aliyonipa wimbo wa saba ulikuwa wa kwanza kupigwa. Nilijua kwamba wakati huo mama kakaa kwenye kibao chake uani, redio kaiegemeza ukutani, majirani wamemzunguka. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

Tulianza vizuri. Faki alieleza safari ya bendi, akamtaja Fundi kwa heshima kama mtu aliyemfunza kusikiliza. Hapo ndipo Fundi alipojulikana hewani, kwa kisiwa kizima, kwamba ni msikilizaji wa metali. Hakutikisika. Meneja alinyoosha vidole saba nyuma ya kioo. Nikajifanya sioni, nikamgeukia Fundi, na nikamuuliza lile ambalo kila mtu alilingoja: je, albamu hii inastahili sifa zake?

"Inastahili sifa," alisema Fundi, "lakini si hizi. Wamesifu pasipostahili. Wimbo wa nne ni kazi ya mtu. Wa saba ni mtu kaazima."

Faki alicheka kidogo, kile kicheko changu cha zamani. "Fundi, dunia nzima imeusikiliza wa saba."

"Dunia nzima haimjui anayeimba pale. Wewe unamjua."

"Ni sauti ya kisiwa."

"Kisiwa hakina koo," alisema Fundi, taratibu kabisa. "Wewe mwenyewe sema, Faki. Wimbo ule, ukiupiga, unakuwamo?"

Hakutaja jina. Hakumtaja mama. Alitimiza ahadi yake kwangu neno kwa neno, na hata hivyo alikuwa kaufungua mlango na kukaa pembeni yake. Ukimya ukaingia. Redioni ukimya ni kama moto. Mtangazaji hufundishwa kuuzima haraka kwa neno lolote. Meneja alikuwa anagonga kioo. Nilifungua mdomo, na Fundi akaweka kiganja chake juu ya meza mbele yangu, hakunigusa. Nikaufunga.

Sijui zilipita sekunde ngapi. Faki alikuwa anatazama mikono yake.

"Ni mama yangu," alisema. "Yule anayeimba ni mama yangu. Sikumwomba. Nilimrekodi kwa siri, kisha nikaona haya, kisha wakaanza kusifu nikaona haya zaidi. Sikuwamo, Fundi. Ulivyosema ndivyo."

Nikapiga wimbo wa nne. Lilikuwa jambo pekee nililoliamua mwenyewe asubuhi ile.

Tulifika Ole baada ya adhuhuri. Majirani walikuwa wametawanyika. Mama alikuwa uani, redio kaizima, mikono kaiweka mapajani. Faki alipiga magoti mbele yake, na yeye akamwacha pale muda mrefu.

"Siku ile nilikuwa namwimbia baba yako," alisema mwishowe. "Ulikuwa umekaa pale mlangoni. Ungeniuliza nani ninayemwimbia, ningekwambia."

Faki alisema atauondoa wimbo ule. Mama akamuuliza kama akiuondoa, waliokwisha kuusikia watakuwa hawajausikia. Mama aliinuka akaingia jikoni, akatupakulia chakula, na yeye hakula nasi. Kuna msamaha ulikuja baadaye, polepole, kwa simu ndogo ndogo na kwa dua. Lakini ule wimbo hakuusikiliza, na hakutaka utajwe. Faki aliuondoa kwenye albamu. Wahakiki wale wale waliandika kwamba albamu imeharibika.

Fundi alilipa kwa njia yake. Mjini walisema ana husuda, kamtia aibu kijana wa watu mbele ya mama yake. Wengine hawakujali hilo. Lililowakera ni kwamba fundi wa spika za misikiti anasikiliza ngoma za mashetani. Misikiti miwili ilipeleka kazi kwa mtu mwingine. Nilimuuliza kama anajuta. "Nilipewa swali," alisema. Sikuridhika na jibu lile, na mpaka leo sijui kama ningeridhika na jingine. Ilikuwapo njia ya kulisema faraghani, kwa Faki peke yake, na Fundi alikuwa na siku mbili za kumtafuta. Nilimwambia hivyo. Alifikiri, akasema, "Ndiyo, ilikuwapo." Ndivyo alivyokuwa: mkosaji akimkosoa mkosaji, na hakujisamehe wala hakujitetea.

Mama alitutoka mwaka uliofuata, baada ya maradhi ya wiki chache. Fundi alikuja mazikoni akasimama nyuma kabisa. Yeye na Faki walipeana mikono, na mikono haikuachana upesi.

Baada ya arobaini nilikwenda dukani kwake, alasiri. Nilikuwa na simu yangu tu. Katika simu ile kulikuwa na wimbo wa saba, ambao Faki alikwisha kuuondoa kila alipoweza kuuondoa. Nyumbani kwetu hakuna pengine ilipobaki sauti ya mama. Hakuna aliyepata kumrekodi, kwa sababu yeye hakupenda, na sote wengine tulimheshimu.

"Fundi," nilisema, "unaweza kuyatoa magitaa? Nibakie na yeye tu."

Duka lilikuwa na mteja mmoja, Fundi akamwomba arudi kesho. Alisogeza ubao wa mlango mpaka ukabaki mwanya mdogo.

"Wewe ni mwanawe," alisema. "Unaniruhusu nimsikilize?"

"Nakuruhusu."

Aliiunganisha simu na spika ndogo, akapunguza sauti mpaka ikawa inatosha watu wawili. Mama akaanza kuimba. Nilisikia zile karafuu zikianguka jamvini, kitu ambacho zamani sikukisikia, kisha pumzi ile kabla ya neno la mwisho, kisha magitaa ya Faki yakamwangukia. Fundi hakutikisika mpaka ulipokwisha.

"Haiwezekani," alisema. "Wameshikana. Ukimtoa mwanawe, na yeye unamkata."

Nilikuwa nalia, na sikuona haja ya kujifuta. Nilimuuliza kama baada ya yote yaliyopita bado anasimama pale pale, kama anaweza hata leo kuniambia kwamba ule ni wimbo mbaya.

Mikono yake ilikuwa juu ya meza, miwili, wazi.

"Ni dhaifu, Mize," alisema. "Ni dhaifu vilevile." Kisha akaisukuma simu taratibu kuja upande wangu. "Urudishe mwanzo."